Kabla ya Kununua Mche wa Pichesi, Uliza Unalala Saa Ngapi

Kila kipupwe kinapoingia Nyanda za Juu Kusini, swali moja huzunguka kwenye simu za watu wanaojenga nyumba Njombe, Makete na Mufindi, na za wenzao wa Limuru na Kinangop upande wa Kenya: ni aina gani ya pichesi inayostahimili baridi, na mche wake unapatikana wapi? Swali lina msingi. Asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, migomba imebabuka majani, na mtu anataka mti wa matunda ambao hautamfia mikononi. Anaingia mtandaoni, anakuta mapichesi yanayosifiwa kwa kuvumilia baridi kali, jina la Reliance linajirudia kila mahali, na kabla wiki haijaisha ameshamwandikia binamu yake aliyeko Marekani amletee mche au hata vijiti.

Ningependa kumzuia mtu huyo kabla binamu hajafunga begi. Mti anaoutaka ni mti mzuri, na waliouzalisha wanastahili heshima yote. Lakini ulizalishwa kwa ajili ya baridi ya namna nyingine kabisa, na ukifika Njombe utakaa miaka ukiwa na vishada vya majani kwenye ncha za matawi, maua ya kuhesabu, na matunda ya kubahatisha. Wala hautakufa. Utaishi tu bila kuzaa, na mwenye nyumba atalaumu udongo, mbolea na hata jirani.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye usingizi. Mpichesi (wengine huuita mfyulisi) ni mti wa asili ya China. Wachunguzi wa mambo ya kale wamefuatilia ufugaji wake hadi bonde la mto Yangtze, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, ingawa jina lake la kisayansi linautaja kana kwamba ni mti wa Uajemi, kwa kuwa ni huko Wazungu walikoupatia. Mti uliokulia mahali penye majira manne ulijifunza kupukutisha majani na kulala. Matumba ya maua ya mwaka ujao hutengenezwa mapema, wakati matunda ya mwaka huu yakiwa bado juu ya mti au yamechumwa karibuni. Kisha hufungwa ndani ya magamba madogo yenye manyoya, yakasubiri.

Yanasubiri baridi ya kutosha. Ndani ya tumba kuna namna ya kuhesabu ambayo wataalamu wa mimea wameifanyia kazi kwa miongo mingi. Njia ya zamani na rahisi ni kujumlisha saa ambazo hewa imekaa kati ya nyuzi 0 na nyuzi 7 za Selsiasi. Hizo huitwa saa za baridi. Aina moja ya pichesi itaridhika na saa 150, nyingine itataka 500, nyingine zaidi ya 1,000. Mpaka hesabu itimie, tumba halifunguki hata jua liwake namna gani. Hesabu ikishatimia, linaanza kusikiliza joto, na wiki chache za joto zinatosha kulifungua.

Mwaka 1974 watafiti wa Utah, Marekani, wakifanyia kazi aina mbili za pichesi, Redhaven na Elberta, waliongeza jambo ambalo kwetu sisi ndilo kiini cha habari yote: saa ya joto inaweza kufuta saa ya baridi. Kwa hesabu yao, joto likipita nyuzi 16 mti unaanza kurudisha nyuma kile ulichokusanya usiku. Wako wanaotumia vipimo vipya zaidi siku hizi, vinavyofaa nchi za joto kuliko kile cha Utah, lakini wazo la msingi limebaki. Mti haupimi ukali wa baridi peke yake. Unapima urefu wake, na kama imekatizwa au la.

Sasa twende New Hampshire, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, mahali ambapo mto hugeuka barafu ya kutembelewa na theluji hukaa miezi. Kwenye chuo kikuu cha jimbo hilo alikuwepo mzalishaji wa mimea aliyeitwa Elwyn Meader, na mwaka 1964 aina ya Reliance ilitolewa kwa wakulima. Sifa yake iliyoenea ni kwamba inaweza kupitia usiku wa nyuzi 32 chini ya sifuri na bado ikachanua. Ni jambo kubwa. Mapichesi mengi hupoteza matumba yake ya maua baridi inapokaribia nyuzi 25 chini ya sifuri, hata kama shina litapona. Tangu hapo watu wa New Hampshire, Vermont na Maine, ambao wazazi wao walinunua pichesi dukani tu, wameweza kulichuma nyuma ya nyumba. Utamu wake ni wa wastani, nyama yake ni laini kidogo, na hata wanaoipenda hukiri kwamba Redhaven iliyotolewa Michigan mwaka 1940 ni tamu kuliko hiyo. Lakini Redhaven haizai kila mwaka kwenye baridi ile.

Reliance inataka karibu saa 1,000 za baridi. Contender, aina nyingine inayosifiwa kaskazini na iliyozalishwa na chuo kikuu cha North Carolina, inataka zaidi ya hapo. Kwa mwenyeji wa New Hampshire hitaji hilo ni ulinzi wake mkubwa. Mti unaolala sana haudanganywi na juma moja la jua la Januari. Unaendelea kulala hadi hatari ipite.

Hatari yenyewe ukiiangalia kwa tarakimu inashtua. Tumba la mpichesi likiwa katika usingizi wa ndani linastahimili nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Tumba hilo hilo likishafunguka kuwa ua kamili, nusu saa ya nyuzi 2.8 chini ya sifuri huua ua moja katika kila kumi, na ikishuka hadi nyuzi 4.4 chini ya sifuri linabaki moja, yamekufa tisa. Kwa hiyo mkulima wa kule haogopi sana Januari yenye baridi kali. Anaogopa Februari yenye joto.

Ndiyo iliyotokea mwaka 2016. Desemba iliyotangulia ilikuwa ya joto lisilo la kawaida katika majimbo ya New England, na matumba yakapoteza sehemu ya ugumu wake. Tarehe 14 Februari baridi ikaporomoka usiku mmoja. Huko Massachusetts, Connecticut na bonde la Hudson, zao la pichesi la mwaka ule karibu lote likaishia hapo, kabla hata ya theluji kuyeyuka. Ukiangalia miti kutoka barabarani haina tofauti na ya jana yake. Kujua kilichotokea ni mpaka ukate vijiti, uviingize ndani vikae kwenye joto la nyumba kwa siku moja, kisha uchukue wembe na kukata tumba katikati kwa upana. Tumba si kubwa kuliko punje ya choroko. Ndani ya magamba kuna nukta ndogo. Ikiwa ya kijani, ua lipo hai. Ikiwa ya kahawia au nyeusi, limekufa, na hakuna dawa. Mkulima hukata matumba mia moja, akahesabu meusi, akajua mwezi Februari kama Agosti atakuwa na kitu cha kupeleka sokoni.

Upande wa pili wa tatizo hilo uko Georgia, jimbo la kusini ambalo Wamarekani hulitambulisha kwa pichesi. Huko mwaka 2017 sehemu kubwa ya zao ilipotea kwa sababu majira ya baridi yalikuwa ya joto mno, saa hazikutimia, na miti ikaamka ovyo. Mwaka 2023 ikawa mbaya zaidi: joto la mapema, kisha jalidi ya Machi juu ya maua yaliyokwisha kufunguka. Zaidi ya asilimia 90 ya zao ikaenda. Hao ni watu wenye vyuo, vituo vya hali ya hewa, na uzoefu wa vizazi. Pichesi ni mti usiosamehe anayekosea kuusomea mahali pake.

Wapo waliolitatua tatizo kwa kuta badala ya kuzalisha aina mpya. Montreuil, kitongoji kilicho mashariki mwa Paris, kiliishi kwa pichesi tangu karne ya 17, katika hali ya hewa ambayo kwa haki haiufai mti huo. Wakazi walijenga kuta ndefu za mawe, wakazisiriba kwa plasta ya jasi iliyochimbwa hapo hapo, wakaitandaza mipichesi ukutani kama kipepeo aliyekunjua mbawa, kila tawi limefungwa kwa kitambaa na msumari. Ukuta mnene ulikusanya jua la mchana ukalirudisha usiku juu ya maua. Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea ukingoni, kuta hizo zilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 600 zikiunganishwa, na mapichesi ya Montreuil yalikuwa yamelishwa wafalme. Reli ndiyo iliyowashinda. Treni zilipoanza kuleta matunda ya kusini mwa Ufaransa kwa usiku mmoja, hakuna aliyehitaji tena kulea mti ukutani kwa mkono. Mabaki ya kuta bado yapo, na wenyeji wanapigania yasimezwe na majengo. Ninayataja kwa sababu yanaonyesha kiasi gani cha akili mtu anaweza kuweka kwenye mti mmoja wa bustani ya nyumbani, kila mtu kwa baridi ya kwao.

Baridi ya kwetu sasa. Ukipima joto Njombe alfajiri ya Julai, utakuta chini ya nyuzi 7 siku nyingi, na kwenye mabonde ya Makete na nyanda za Kitulo, zilizo juu ya mita 2,600, sakitu ni jambo la kawaida. Lakini rudi saa saba mchana. Anga ni jeupe, jua linachoma, umevua koti. Nchi zilizo karibu na ikweta zina tabia hiyo: tofauti kati ya usiku na mchana ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi. Baridi yetu ni ya usiku, inakuja kwa vipande, na kila mchana jua linafuta sehemu ya kilichokusanywa. Mti unaotaka saa 1,000 zisizokatizwa hauwezi kuzipata Njombe, wala Limuru, wala Lushoto ambako ni joto zaidi. Ukali wa asubuhi yetu unamdanganya mwenye nyumba. Mti wenyewe haudanganyiki.

Mti usiotimiza usingizi huonekana kwa macho. Matumba ya pembeni hayafunguki, tawi linabaki tupu kama fimbo, majani yanatoka kwenye ncha tu. Maua huja kwa zamu, machache Agosti, machache Oktoba, mengine hudondoka kabla ya kufunguka. Na hapo kuna hasara ya pili ambayo watu hawaihesabu: matunda yanayoiva kwa miezi mingi ni karamu ya kudumu kwa inzi wa matunda, hasa yule mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa kwanza pwani ya Kenya mwaka 2003 na sasa yuko kila mahali penye embe.

Basi sifa ya kutafuta kwa bustani ya nyanda za juu ni usingizi mfupi. Mti utakaoridhika na saa 150 au 250, ukaamka kwa pamoja, ukachanua kwa pamoja. Sakitu yetu haifiki hata robo ya kile kinachoua shina la mpichesi. Kwa hiyo ustahimilivu wa nyuzi 32 chini ya sifuri ni mzigo tunaolipia bila kuutumia.

Aina hizo zipo, na zina historia inayotuhusu kuliko ile ya New Hampshire. Chuo Kikuu cha Florida, kuanzia miaka ya 1950, kilijipa kazi ya kuzalisha mapichesi kwa nchi isiyo na baridi. Ralph Sharpe alianza, Wayne Sherman akaendeleza, wakichanganya mapichesi bora ya kaskazini na mipichesi ya asili ya kusini mwa China iliyozoea kulala kidogo. Mwaka 1982 wakatoa Flordaprince, inayotaka saa zipatazo 150 tu. Ilienea Misri, Asia na Amerika ya Kusini, popote penye majira mafupi ya ubaridi. Mtu wa Njombe anayetafuta jina la kuuliza kitaluni, aulizie jina hilo na ndugu zake, au aulize tu swali lililo juu ya makala hii.

Shida ni kwamba kitaluni hapati jibu. Niliwahi kusimama kwenye kitalu cha kando ya barabara, miche imepangwa vizuri kwenye viriba, parachichi upande huu, epo na plamsi upande ule. Nikamuuliza kijana muuzaji, kwa upole, hii pichesi ni aina gani.

"Hiyo ya kisasa, mama. Inazaa haraka."

"Ya kisasa ipi, mwanangu? Ina jina?"

"Imetoka Sauzi, mama. Wateja wanaisifia sana."

Simlaumu kijana. Aliyemuuzia hakumwambia, na aliyemuuzia huyo naye pengine hakuambiwa. Lakini Afrika Kusini ina maeneo ya baridi ndefu na ya baridi fupi, na mapichesi ya kila namna, kwa hiyo kusema mche umetoka Sauzi hakunisaidii kujua kama utazaa. Mwenye nyumba analipa, anachimba shimo, anatia samadi, anasubiri miaka mitatu ndipo ajue. Akikosea, miaka mitatu imekwenda na hakuna wa kumrudishia.

Ombi langu kwa Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, na kwa wenzao wa Kenya, ni dogo na linawezekana. Kila mche wa tunda la nchi za baridi unaouzwa, iwe pichesi, epo, pea au plamsi, uwe na kibandiko chenye mambo manne: jina la aina, shina ulikobebeshwa, kitalu ulikotoka, na saa za baridi unazohitaji. Mahindi hatununui siku hizi bila kujua ni ya siku ngapi na ya ukanda gani, na mahindi hukaa shambani miezi sita. Mti utakaokaa miaka kumi na tano tunaununua kwa neno la "kisasa".

Kuhusu vijiti ndani ya begi la binamu, naomba niseme kwa ukali kidogo. Kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa sharka, unaoshambulia pichesi, plamsi na jamii yao, ukiacha mapete kwenye tunda na kuangusha mavuno. Ulianzia kujulikana Bulgaria mwanzoni mwa karne iliyopita, ukasafiri Ulaya nzima kwa sababu watu walihamisha vijiti na miche. Ulipoonekana Pennsylvania mwaka 1999, Wamarekani waling'oa na kuchoma bustani nzima nzima, na iliwachukua hadi 2019 kutangaza kwamba wameumaliza. Sisi hatuna fedha za vita vya miaka ishirini dhidi ya ugonjwa wa miti. Kijiti kinachoonekana kizima kinaweza kuwa nao. Anayetaka aina ya nje apitie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, apate kibali, mche ukaguliwe. Ni usumbufu, naujua, na unastahili.

Hata hivyo, watu wengi hawahitaji chochote kutoka nje, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Lushoto, Njombe, Makete, Mbeya vijijini, na kando ya barabara ya Limuru na Kimende, ipo mipichesi mizee iliyoota kwa kokwa tangu enzi za wamisionari na walowezi. Matunda yake ni madogo, yana manyoya, na watoto huyamaliza yakiwa bado mabichi. Watu wanayadharau kwa kuyalinganisha na yale makubwa mekundu ya supamaketi. Lakini fikiria yaliyotokea kwa kizazi baada ya kizazi: miti iliyotaka baridi ndefu haikuzaa, isiyozaa haikutoa kokwa, na kokwa zilizopandwa ni za ile iliyozaa. Bila chuo wala bajeti, nyuma ya majiko ya bibi zetu, miti ilichujwa mpaka ikabaki inayojua kulala usingizi wa Njombe. Hiyo ni hazina, na inakatwa kila siku kupisha maparachichi.

Anayeanza bustani leo anaweza kuanzia hapo. Kokwa la pichesi nalo lina usingizi wake. Ukilifukia tu likaachwa, mara nyingi halioti. Lipasue gamba kwa uangalifu au liache zima, lifunge kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko, uweke kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandishia, kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu. Likitoa mzizi mweupe, lihamishie kwenye kiriba. Mche utakaoota hautafanana kabisa na mama yake, lakini utakuwa shina zuri la kubebeshea. Kisha chukua jicho kutoka mti unaouamini, wa jirani ambaye umeonja tunda lake mwenyewe, ulipachike chini ya gamba la mche wakati utomvu unapanda na gamba linaachia kirahisi. Mwaka wa tatu utakula.

Mahali pa kuupanda pachaguliwe kwa macho ya alfajiri. Hewa baridi ni nzito, inashuka mteremko na kutuama kwenye bonde, kwa hiyo sehemu nyasi zinapokuwa nyeupe kila Julai isiwekwe mti utakaochanua Agosti. Panda juu kidogo, penye jua la siku nzima. Na maji yasituame hapo: mizizi ya mpichesi ikikaa kwenye maji wiki moja ya masika, mti unaweza kunyauka ukiwa na majani yake yote. Ardhi ikiwa nzito, inua tuta.

Kupogolea ndiko kunakowashinda wengi, kwa huruma. Angalia tawi kwa karibu. Vijiti vya mwaka jana vina rangi nyekundu ya kahawia na vinang'aa. Vya zamani ni vya kijivu, vina mikwaruzo. Kwenye kila pingili ya kijiti chekundu utaona mara nyingi matumba matatu yamekaa pamoja, mawili ya pembeni manene na yenye manyoya, moja la katikati jembamba lenye ncha. Yale manene ni maua, lile jembamba ni jani. Kwenye vijiti vya kijivu matumba manene hayapo. Yaani pichesi huzaa kwenye vijiti vya mwaka mmoja tu, na mti usiokatwa hupeleka matunda juu zaidi kila mwaka mpaka yakawa ya ndege. Kila mwaka, mwishoni mwa kipupwe, fungua katikati ya mti upate umbo la bakuli, ondoa karibu theluthi moja au zaidi ya matawi, na acha vijiti vyekundu vyenye unene wa penseli. Kisha matunda yakifika ukubwa wa zabibu, yang'oe kwa mkono mpaka yabaki yaliyoachana kwa takriban sentimita 15. Inauma kuona rundo la matunda mabichi chini. Yanayobaki ndiyo yatakayokuwa na sukari.

Nchi za joto zina mbinu moja zaidi. Huko Batu, katika kisiwa cha Java, wakulima wa epo hupukutisha majani yote kwa mkono baada ya kuvuna, kwa sababu hawana baridi ya kuwafanyia kazi hiyo. Pichesi nalo hufanyiwa hivyo katika nchi kadhaa. Kwa mti mmoja au miwili ya nyumbani ni kazi ya jioni moja: punguza maji tangu mvua zinapokata, majani yakikomaa na kuanza kuchoka mwezi Julai yaondoe, pogoa, nyunyiza mrututu au dawa nyingine ya kopa kabla matumba hayajavimba ili kuzuia ugonjwa wa majani kujikunja, kisha mwagilia. Maua hutoka kwa pamoja zaidi. Matunda yakifika ukubwa wa ndimu, yavishe mifuko ya karatasi dhidi ya inzi, na yote yaliyooza chini yaokote na kuyafukia kwa kina.

Kwa ndugu zetu wanaosoma gazeti hili wakiwa Manchester na Concord kule New Hampshire, au Lewiston na Portland kule Maine, ambako Kiswahili cha Kivu kimeshakuwa lugha ya bustani za jumuiya, ushauri unageuka. Ninyi pandeni Reliance au Contender bila wasiwasi. Pandeni majira ya kuchipua, msipande wakati wa majani kudondoka. Msiutie mti mbolea ya naitrojeni baada ya Juni, kwa maana utaendelea kukua wakati unapotakiwa kujiandaa kulala. Msipogoe Januari, subirini matumba yaanze kuvimba, kwa kuwa kidonda kilichokatwa kwenye baridi kali hukaribisha kuvu wa donda la shina. Na kabla ya theluji, pakeni shina rangi nyeupe ya maji, nusu rangi nusu maji, kutoka ardhini hadi matawi ya kwanza. Jua la mchana la Februari hupasha gamba upande mmoja, usiku ukaligandisha, likapasuka. Weupe hurudisha jua lilikotoka.

Aliyeko Njombe hana kazi na rangi hiyo. Kazi yake ni kupita kijijini Desemba na Januari, mapichesi yanapoiva, aonje ya kila uani, na akipata mti wenye tunda tamu unaozaa kila mwaka, aweke alama, aombe ruhusa ya mwenyewe kukata vijiti msimu wa kubebesha ukifika, na aandike mahali jina la uani ule.